Siku Tatu Korongoni: Hapa Hakuna Kununa!

Nilikwenda Oman kumtembelea mume wangu kwa wiki mbili. Nilitegemea manukato, maduka na ufukwe. Nikajikuta nimesimama mbele ya gari, pembeni yangu shimo lisilo na mwisho, namwongoza kwa mikono mtu ambaye sikuwa naongea naye.

Mpenzi msomaji, kuna kitu kimoja ninachokiweza kuliko wanawake wengi wa Dar es Salaam: kununa. Sipigi kelele, situpi vyombo, sirudi kwetu. Mimi nanyamaza tu. Naweza kupika, nikapakua, nikakukaribisha mezani, na siku nne zikapita hujasikia neno. Mume wangu hali hiyo anaiita mgao wa umeme. Ukikatika, anasema, huna wa kumuuliza, unawasha mshumaa na kusubiri.

Naye ana lake. Yeye huamua kwanza, halafu ndiyo anakuarifu. Televisheni utaikuta ukutani, mgeni utamkuta sebuleni, shamba utasikia limeshalipiwa. Ukihoji, jibu ni moja: "Nilitaka kukushtukiza kwa furaha."

Tabia hizo mbili tulikuwa tumeishi nazo miaka mitatu bila ajali. Machi 2019 tukazipakia kwenye gari, pamoja na hema na mkaa, tukaingia nazo kwenye makorongo ya milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman. Huko ndiko nilikojua kwamba kumbe zinaweza kuua mtu.

Safari ya mapenzi

Mume wangu ni fundi mitambo. Alikwenda Muscat mwaka 2017 kwa mkataba wa miaka miwili. Mimi nilibaki Dar na kazi yangu ya uhasibu, na kiwanja chetu cha Kigamboni ambacho msingi wake ulikuwa umeshamwagwa zege. Hesabu zetu zilikuwa wazi: Juni 2019 anarudi, tunapandisha ukuta, tunaanza maisha ya kulala kitanda kimoja kama watu wengine.

Kule mwisho wa wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Wenzake wa kazini walikuwa wamemwambukiza ugonjwa wa makorongo. Kila wiki wanapakia magari, wanapotelea milimani. Nilipofika alikuwa ameshaazima gari la rafiki yake, jeep kubwa la zamani linalovuta kwa magurudumu yote manne, akaomba na siku moja ya ruhusa. "Siku tatu tu, mama," akaniambia. "Utaona nchi ambayo hata ndotoni hujawahi kuiona."

Sikukataa. Nani anakataa siku tatu na mume wake baada ya miezi tisa ya kumwona kwenye simu?

Tuliondoka Muscat alfajiri. Nizwa iko kama kilomita 160, barabara ni safi, njia mbili kwenda na mbili kurudi. Kuanzia hapo unaelekea Al Hamra, mji wenye nyumba za kale za udongo zilizopanda kilimani, kisha unaanza kupanda Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, kama mita 3,000. Lami ikaisha, tukala vumbi. Mchana tukafika ukingoni.

Jamani, nisiwadanganye. Nilishuka garini, nikatembea hatua kumi, miguu ikaniisha nguvu. Ardhi inakatika tu! Chini yako ni korongo la Wadi Ghul, lenye kina cha karibu mita 1,000. Kuta zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama keki ya harusi, kijivu, kahawia, waridi. Mume wangu akaniambia mawe yale ya chokaa yaliumbika chini ya bahari, mamilioni ya miaka iliyopita. Mwewe alikuwa anaruka chini yetu. Ndiyo, chini. Nilikuwa namwangalia mgongoni.

Tulifunga hema mbali na ukingo. Mbuzi wa pale wana tabia za vibaka. Nilipogeuka kuchukua chumvi, mmoja alikuwa ameshapita na mfuko mzima wa mkate. Tukachoma mishkaki, baridi ikashuka ghafla, tukajifunika blanketi moja. Nyota zilikuwa nyingi mpaka nikahisi zinatutazama. Nikajisemea moyoni, hapa hata malaika wanapiga honeymoon.

Ndipo akasema.

"Mama, nimesaini miaka miwili mingine."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Wameongeza mshahara. Nilitaka nikuambie ana kwa ana."

Nikamwangalia. Nikalitazama lile shimo. Nikaingia kwenye hema, nikafunga zipu.

Umeme ukakatika.

Njia ya kushuka

Asubuhi tulipakia vitu bila kusemezana. Mpango ulikuwa tupite Sharaf al Alamayn, mlango wa mlimani ulio kama mita 2,000 juu ya bahari, kisha tushuke upande wa pili kupitia bonde la Bani Awf mpaka tutokee njia ya Rustaq. Madereva wa Oman wanaiheshimu njia hiyo. Tulipopita sisi ilikuwa ya mawe na changarawe. Sehemu nyingine inabeba gari moja tu, kushoto ukuta wa mwamba, kulia hewa.

Pale juu mume wangu alisimama akafanya mambo mawili. Kwanza alipunguza upepo wa matairi, kutoka psi 35 mpaka 25. Tairi lililojaa sana hudunda kwenye mawe na kutoboka upesi. Likilegea kidogo linashika. Pili, aliingiza ile gia ya chini inayolifanya gari litambae kama kobe. Mteremko mrefu hauendeshwi kwa breki. Ukikanyaga breki kilomita nzima zinapata moto, zinanuka, halafu siku moja unakanyaga na hakuna kitu. Unaiacha injini ndiyo ishike gari, mguu unakaa tayari tu.

Tatu lilikuwa langu. Kwenye kona mbaya mtu mmoja lazima ashuke aongoze. Ukiwa kwenye usukani huoni tairi lako liko wapi, unaona boneti na mawingu. Oman usukani uko kushoto, kwa hiyo upande wa kulia, ule wa shimo, dereva ni kama kipofu. Aliye nje ndiye macho yake. Anasimama mbele, mahali dereva anapomwona, hasimami kamwe upande wa bondeni. Ishara ni chache: mkono kulia, mkono kushoto, njoo taratibu, na viganja viwili wazi maana yake simama. Waongozaji wawili hawatakiwi. Ni mmoja tu, na dereva anamtii.

Alinieleza yote hayo. Nilitikisa kichwa. Kutikisa kichwa si kuongea, bwana.

Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, tulipita vizuri. Ya nne ukingo wake ulikuwa umemomonyoka. Nikashuka. Gari likaja polepole, likalala kidogo. Akatoa kichwa dirishani: "Nyuma kulia iko vipi?"

Nilikuwa naona. Nyuma kulia tairi lilikuwa linakwaruza jiwe lenye ncha kama shoka, hatua moja kutoka kwenye shimo. Nilikuwa naona kabisa. Na mimi, mke wa mtu, msomi, mtu mzima, nikapandisha mabega.

Wewe unayesoma umewahi kupandisha mabega namna hiyo. Usinikatalie. Ni yale mabega yanayosema: shauri yako, si unajua kila kitu?

Yeye akasoma kwamba kuko salama. Akaja.

Pssssss!

Tairi lilipasuka ubavuni. Gari likakaa chini kwa kishindo, likainama upande wa bonde, mawe madogo yakaanza kuporomoka. Niliyasikia yakigonga, yakigonga, halafu nikaacha kuyasikia. Mume wangu alibaki ameshika usukani, hasogei hata jicho. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo: "SIMAMA! Usiguse kitu! Toka kwa mlango wako, taratibu!"

Akatoka. Alikaa chini, mgongo kwenye mwamba. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yangu pia. Tukasukuma mawe makubwa mbele ya magurudumu, tukaweka ubao chini ya jeki isizame, na kwa muda wa karibu saa nzima tukabadilisha tairi bila kutazama kule chini. Alipokaza nati ya mwisho akaniuliza, sauti ya chini kabisa:

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Na wewe ulisaini, ukanyamaza."

Basi. Tukakaa pale kwenye mawe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu tukagombana vizuri. Nikamwambia kwamba kila mwezi nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Akaniambia fedha za kupandisha ukuta hazikuwepo, kuna deni la zege ambalo hakuwahi kunitajia, na aliona aibu. Nikamwambia aibu yake imenigharimu miaka miwili. Akaniambia ukimya wangu ulikuwa karibu umgharimu roho. Hakuna aliyeshinda.

Tulipoinuka tukawekeana sharti moja la njiani. Yeyote akisema simama, gari linasimama. Huulizi kwa nini kwanza. Unasimama, halafu ndiyo unauliza.

Makuti juu ya mti

Tairi la akiba lilikuwa moja tu, nalo tulishalitumia. Kuendelea gizani bila jingine ilikuwa wazimu. Tulipofika chini, jirani na kijiji kimoja chenye mitende na mifereji ya maji, jua lilikuwa linazama. Mume wangu akapata mahali pazuri ajabu: katikati ya bonde, changarawe laini, tambarare kama uwanja wa mpira, chini ya mgunga mkubwa. Akaanza kugonga vigingi vya hema.

Mimi nilikuwa nautazama ule mti. Juu ya matawi, juu kuliko kichwa changu na mkono nikiunyoosha, kulikuwa na makuti makavu, mifuko ya plastiki na kipande cha bomba la maji.

"Nani kayatupa makuti kule juu?"

"Upepo," akasema, akaendelea kugonga.

Upepo gani unaosuka makuti kwenye matawi kama kiota, yote yameelekea upande mmoja? Nikaangalia mbingu. Juu yetu ilikuwa nyeupe, safi. Lakini nyuma ya ule mlima tuliotoka kulikuwa na wingu jeusi, zito, limekaa tu halisogei.

"Simama," nikasema.

"Mama, mvua haipo. Tumechoka, giza linaingia..."

Sikuongeza neno. Niliinua viganja vyote viwili.

Alinitazama. Nyundo ilikuwa hewani. Nilijua anavyopigana na nafsi yake, maana mwanaume amechoka, ana njaa, ameshagonga vigingi vitatu. Akaishusha nyundo. Akang'oa kimoja, akang'oa cha pili. Alikuwa analalamika kwa sauti, na mimi nikamjibu kwa sauti. Tulipandisha vitu kwenye kitako cha mawe juu ya bonde, kando ya ukuta wa shamba, mahali pabaya penye miba na mteremko. Tulikuwa bado tunabishana nani kasahau tochi mzee mmoja alipotokea, kanzu nyeupe, fimbo mkononi.

"Wanangu, nimesikia watu wanagombana kwa Kiswahili, nikasema lazima nije nitazame!"

Nilikaribia kulia. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anacheka. Alizaliwa Unguja, akaondoka akiwa kijana mdogo baada ya Mapinduzi ya 1964. Watu kama yeye wako wengi Oman, hasa waliorudi tangu Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, na ndiyo maana ukitembea Muscat usiseme siri zako kwa Kiswahili. Atakugeukia muuza halwa akujibu.

"Hapa mmelala pema," akasema, akaonyesha fimbo kwenye ule uwanja wetu wa changarawe. "Kule chini si pahala pa mtu. Kule kuna mwenyewe. Hayupo tu. Akirudi habishi hodi."

Alituletea kahawa yenye iliki, tende na bakuli la halwa. Mume wangu hakusema kitu. Alikuwa anautazama mgunga.

Saa saba usiku

Kilichoniamsha hakikuwa mvua. Juu yetu nyota zilikuwepo zote. Kilichoniamsha ni harufu ya udongo uliolowa, na upepo wa baridi ulioshuka bondeni kama mtu kafungua friji. Halafu ikaja sauti. Nilidhani ni malori yanashuka mlimani. Sauti ile ilikuwa ya mawe, mawe makubwa yanabingirishwa na maji.

Tulitoka tukawasha taa za gari. Maji yalikuja kama ukuta wa matope, wa kimo cha goti, wamebeba matawi na povu. Muda wa kunywa kikombe cha chai yalikuwa yamefika kifuani, na muda mfupi baadaye ule uwanja wa mpira ulikuwa mto, kutoka mwamba hadi mwamba. Mgunga ulisimama katikati unatetemeka, makuti mapya yanajisuka kwenye matawi.

Pale tulipogonga vigingi vitatu hapakuwepo tena.

Mume wangu alinishika mkono. Hakuniambia "asante". Aliniambia, "Nusura nikubishie." Kwangu mimi ilitosha.

Kesho yake mzee alitueleza, na kwa kweli ni jambo kila mpenda safari anapaswa kulijua. Milima ile ni mwamba mtupu. Haina udongo wa kunywa mvua wala msitu wa kuichelewesha. Mvua ikinyesha kileleni yote inateleza, inakusanyika kwenye vijikorongo, vijikorongo vinamwaga kwenye korongo moja jembamba, na maji yanakukuta kilomita nyingi chini huku wewe unaota jua. Kwa hiyo korongoni usiangalie mbingu ya juu yako. Angalia mbingu ya juu ya mlima. Kama huioni, muulize anayeiona.

Si hadithi za Oman pekee. Kule Kenya, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, vijana 7 walichukuliwa na maji ya ghafla Aprili 2012, na Septemba 2019, miezi sita tu baada ya safari yetu, watu wengine 7 wakafa palepale kwa namna ileile. Na Aprili 2024 mafuriko ya Oman yaliua watu wengi, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari lililojaribu kupita kwenye bonde lenye maji. Niliposoma habari hiyo nilizima simu, nikakaa kimya. Safari hii si kwa kununa.

Tulichorudi nacho

Tulisubiri maji yapungue mpaka alasiri. Mpwa wa mzee akatutangulia na pikapu yake, maana njia ilikuwa imehamishwa, mawe ya jana hayakuwa ya leo. Kila penye mashaka nilishuka kuongoza. Nilikuwa nasema kila kitu! Kushoto, kushoto tena, jiwe, shimo, mbuzi. Mume wangu akatoa kichwa dirishani: "Mama, mbuzi huyo yuko mbali." Tukacheka mpaka machozi.

Sasa usidhani tulitoka korongoni tumekuwa malaika. Mkataba ulikuwa umesainiwa, na hakuna mafuriko yaliyoufuta. Nilirudi Dar peke yangu, na kwa miezi kadhaa bado nilikuwa na hasira. Mwaka uliofuata ikaja korona. Machi 2020 ndege za Oman zikasimama, hazikurudi mpaka Oktoba. Zaidi ya mwaka mzima hatukuonana. Ndoa nyingi za mbali ziliporomoka kipindi kile, nazijua. Yetu ilikuwa na ile sheria ya mlimani. Kila Ijumaa kwenye simu tulikuwa tunaulizana swali moja: "Nyuma kulia iko vipi?" Maana yake, niambie kitu ambacho mimi kutoka huku sikioni. Na ilikuwa marufuku kupandisha mabega. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba usiku naogopa kulala peke yangu, jambo ambalo nililificha tangu 2017. Naye akanisomea deni la zege, shilingi kwa shilingi.

Alirudi 2021. Ukuta umepanda, bati lipo, dari bado.

Mwezi uliopita alikuja na fomu za mkopo wa kununua gari. Alikuwa ameshazijaza zote, kalamu mkononi, uso umejaa furaha ya kunishtukiza. Nilikuwa nakaanga samaki. Nikageuka, nikainua viganja viwili, mafuta yanadondoka sakafuni.

Akaweka kalamu chini. Halafu ndiyo akauliza kwa nini.

KABLA HAMJAINGIA KORONGONI

• Msiende gari moja. Sisi tulikosea. Magari mawili ndiyo kima cha chini, ili moja likikwama jingine livute. Mwachieni mtu njia yenu na saa ya kurudi.

• Matairi ya akiba mawili, kipimo cha upepo, pampu, jeki na ubao wa kuiwekea chini, beleshi, kamba ya kuvutia. Mkimaliza mawe na kurudi kwenye lami, jazeni upepo tena kabla ya kukimbia.

• Maji ya kunywa, msiende na chini ya lita 5 kwa mtu kwa siku, na siku moja ya ziada. Jangwani mchana ni moto, usiku juu milimani ni baridi kali. Bebeni blanketi hata kama mnapendana.

• Msilale kwenye njia ya maji, hata iwe kavu kama mfupa. Takataka zilizonasa kwenye miti zinaonyesha maji yalifika wapi. Pandeni juu ya alama hiyo, na hakikisheni mna njia ya kukimbilia juu zaidi.

• Maji yakishuka, msivuke. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinaweza kubeba gari dogo, na 60 zinaweza kubeba hata hilo jeep lenu la kujivunia. Oman kuvuka bonde lenye maji ni kosa kisheria. Subirini tu. Namba ya dharura kule ni 9999, ila humo korongoni mara nyingi simu haishiki.

• Gari la kukodi, someni bima vizuri. Nyingi hazilipi ajali ya nje ya lami.

• Kwenye mteremko, mpeni nafasi anayepanda. Na kijijini ombeni ruhusa, vaeni kwa heshima, msipige picha za watu bila kuuliza.

• Aliye nje akisema simama, aliye kwenye usukani anasimama. Na kama wewe ndiye uliye nje na umeudhika, shuka na hasira zako zote, lakini sema unachokiona.